Chupa ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Ijumbi, enzi za Mwingereza, mimi peke yangu katika nyumba ile ndiye niliyejua Kiswahili sawasawa. Nilijivunia jambo hilo mpaka baba mkwe alipougua kichomi.

Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati ya Kamachumu, alikuwa mtu wa Tabora, na Kihaya kilikuwa kimemshinda kabisa. Alikuja nyumbani kwa baiskeli, akampa mzee vidonge vya salfa, dawa iliyokuwa bado ngeni kwetu, kisha akanigeukia.

"Mwambie anywe maji mengi. Dawa hii isipopata maji huganda kwenye figo kama mchanga. Na kesho niletee mkojo wake kwenye chupa, niutazame."

Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumtajia mkojo. Tena huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyeugua akiwa amevaa koti. Niliinamisha kichwa nikasema kwa Kihaya, "Tata, daktari anaomba kuona yale maji yakishamaliza safari."

"Safari ipi?" akauliza.

Mama mkwe akamweleza kwa neno moja tu, kwa sauti iliyofika kwa majirani.

Yeye mwenyewe hakuyaamini maji matupu. Jirani yetu mmoja aliwahi kumeza vidonge kama vile akakojoa damu, na tangu hapo mama mkwe aliamini kwamba dawa za hospitali huunguza figo zisipokingwa. Kinga yake ilikuwa mubirizi, ule mti mdogo wa uani wenye majani machungu. Aliyatwanga majani, akayakamua, akachuja maji yake ya kijani.

"Dresa atibu kifua," alisema. "Figo niachieni mimi."

Mzee alionja funda moja, akafumba macho. Kuanzia hapo, kila alipoletewa kikombe alituomba tutoke nje ili apate kusali kwanza. Tulifurahi kuona ugonjwa umemzidishia imani.

Asubuhi alinikabidhi chupa iliyofungwa vizuri kwa jani la mgomba. Niliiweka kikapuni, nikashika njia ya Kamachumu nikimwomba Mungu nisikutane na mtu. Nikakutana na kwaya nzima, na wote wakataka kunisaidia kubeba.

Dresa alifungua jani, akainua chupa kwenye mwanga. Ilikuwa kijani kama maji ya dimbwi. Akakaa chini.

"Dada," akasema polepole, "figo za huyu mzee zimekwisha."

Alinipakia nyuma ya baiskeli, tukarudi Ijumbi. Nilipotafsiri habari ile, mama mkwe alishika kichwa akalia, majirani wakajaa uani. Mzee akaketi kitandani, ndizi ya kuchoma mkononi, akijaribu kusema kitu. Hakuna aliyemsikiliza.

Ghafla mama mkwe akanyamaza. Akamnyang'anya dresa chupa, akainusa, akachovya kidole.

"Mama, usionje!" dresa akapiga kelele. Hilo halikuhitaji mkalimani, lakini kidole kilikuwa kimekwisha kufika mdomoni.

"Ni mubirizi wangu huu," akasema mama mkwe. "Hata maji hayajaongezwa."

Tukamgeukia mzee wote.

"Niliona aibu kumpa binti mkojo," akasema. "Nikadhani rangi zinakaribiana."

"Na ule mwingine wote niliokupa?"

Mzee akaelekeza kidevu dirishani, ulikokuwa mti wetu mmoja wa kahawa, shina lake limelowa kijani.

Nilipomtafsiria dresa, alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Halafu akavuta kigoda upande mmoja wa kitanda, mama mkwe akaketi upande wa pili, mmoja akimimina maji, mwingine mubirizi. Mzee alikunywa vyote, akishuka mgombani kila mara, koti likipepea.

Alipona. Dresa alisema ni maji, mama mkwe akasema ni majani, nami nikaketi katikati yao kutafsiri ubishi, kila mmoja akinilaumu kwamba ninayapunguza makali maneno yake.