Kiraka Kilichoingia Bila Ubishi

Kazini walimwita Mama Viraka, na jina lilimkaa. Hospitali aliyoihudumia ilitumia mfumo wa kompyuta wa zamani na haikutaka kusikia habari za mpya, maana mashine za wagonjwa zilipimwa na kuidhinishwa pamoja na huo mkongwe. Kwa hiyo kila dosari iliyotibiwa kwenye toleo jipya, yeye aliikata ile tiba na kuishonea kwenye toleo kuukuu. Kazi ya kuumiza kichwa, na shukrani hakuna.

Siku hiyo alishona kiraka cha draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya mtandao, iliyokuwa ikizimika kazi ikizidi. Kiliingia bila ubishi hata wa mstari mmoja. Hapo ndipo angeshtuka, lakini nani hushtuka mambo yakimnyookea? Akakijaribu mezani pake kwa mzigo mzito, kikastahimili. Akakituma wodini, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi yake alikuwa hajamaliza hata chai pale ofisini, simu ikalia. Ni dada yake, muuguzi wa wodi hiyohiyo.

"Mdogo wangu, kioo chetu kimeganda! Mjomba wanamkandamiza kifua sasa hivi!"

Mjomba ndiye aliyewalea wote wawili. Alilazwa huko katika chumba cha peke yake, mlango umefungwa, na wauguzi walifuatilia mapigo ya moyo wake kwenye kioo cha mezani kwao, yakiletwa kwa mtandao.

"Kimezima?"

"Kingezima si tungekimbia! Kinaonyesha moyo unapiga vizuri tu, kumbe ni picha iliyosimama. Fanya kitu, jamani!"

Mama Viraka akaketi mbele ya kompyuta yake. Akakifungua kiraka, akasoma, haoni kitu. Akasoma tena, herufi zinamchezea machoni. Bosi wake akaja kusimama nyuma ya kiti, akauliza kama tatizo si waya. Mama Viraka alitamani kumfukuza. Kisha akakumbuka kwamba alijaribu kila kitu isipokuwa kuchomoa waya wa mtandao. Akauchomoa kwenye kompyuta yake ya majaribio, akaurudisha. Kompyuta ikaganda palepale.

Sasa akaona. Kwenye toleo jipya kulikuwa na badiliko dogo lililotangulia, lililohamisha kufuli la draiva, ile alama inayozuia kazi mbili zisigongane. Yeye alileta tiba, hilo akaliacha. Kwa hiyo kwenye toleo kuukuu, waya ukitikisika tu, draiva ilishika kufuli kisha ikasimama kulisubiri lilelile, kama mtu anayengoja kuletewa ufunguo alioushika mwenyewe. Ingesubiri mpaka kiama.

Akampigia fundi wa zamu wa hospitali, akamwelekeza aizime kompyuta ya wodini na kuiwasha kwa mfumo wa juzi, ule wenye draiva mbovu. Alikuwa analia waziwazi, bosi anamtazama, wala hakujali.

Dada akapiga tena.

"Kioo kimerudi. Ahsante, mdogo wangu. Bila wewe sijui wagonjwa hawa wengine ingekuwaje. Mjomba... tumechelewa. Nimekaa mbele ya kile kioo nikimwona mzima. Sijui mjinga gani katuwekea kitu kile."

Angeweza kunyamaza. Roho ilimsihi anyamaze.

"Ni mimi, dada. Kile kiraka ni changu."

Dada hakukata simu. Huko nyuma yake daktari alikuwa anauliza saa ya kifo iandikwe ngapi, na hakuna aliyejua moyo ulisimama lini.