Baba Si Yai

Ilikuwa karatasi tu, imebandikwa ukutani juu ya kitanda: "MSHIKENI KAMA YAI." Aliyeiandika ni binti wa mgonjwa, na kila Mama Magongo alipoisoma, alisonya.

Mama Magongo ndilo jina walilompa wodini, maana kazi yake ni kuwarudisha watu kwenye miguu yao. Mgonjwa huyu, fundi viatu mstaafu, alivunjika mguu na mfupa ulishaunga zamani. Daktari angepita Ijumaa. Mzee asipotembea mwenyewe mpaka chooni, harudi kuishi peke yake kwenye chumba chake mjini. Anahamishiwa kwa binti. Na leo Alhamisi! Wauguzi, kwa kuiogopa ile karatasi, wiki mbili nzima wanamnyanyua, wanamwogesha, wanamlisha kwa kijiko. Kwani mikono nayo imevunjika? Mtu aliyeshona viatu vya nusu ya mji anaambiwa "fungua mdomo, babu"! Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Leo unataka kwenda wapi?"

Mzee akamkodolea macho. Tangu aletwe, hakuna aliyemuuliza anataka nini.

"Chooni," akasema. "Peke yangu."

Mama Magongo akampa magongo. Hatua tatu, mzee akapumzika, akatukana kidogo, akaendelea. Mama Magongo alimfuata nyuma, mikono kaifumbata mgongoni isije ikamsaidia kwa mazoea. Walipofika koridoni, binti huyo, na bakuli la uji mkononi.

"We mama, una wazimu? Baba ataanguka!"

"Akianguka tutamwinua, dada yangu. Ukimbeba kila siku, ndiyo hatainuka tena."

"Mimi nampenda baba yangu!"

"Nani kakukataza? Mpende, lakini muulize kwanza!"

Wao wanabishana, mzee kashafika. Akaingia, akafunga mlango, wakasikia komeo. Binti akaurukia ule mlango, akaugonga kwa kiganja.

"Baba! Fungua nikusaidie!"

"Wewe nimekuogesha mimi," sauti ikatoka ndani, kali. "Ulipofika miaka saba, ukanifungia mlango wa bafu. Niliuvunja?"

Binti akaushusha mkono kutoka mlangoni.

"Nakuuliza, niliuvunja?"

"Hapana, baba."

"Nilikaa nje, nikangoja. Haya, na wewe ngoja."

Binti akakaa chini sakafuni na bakuli lake, machozi yanamtoka, akangoja.