Bahasha Iliyoingia Peke Yake

Siku yangu ya kwanza katika siasa sikutoa hotuba. Nililinda sanduku. Nyie vijana mnadhani siasa ni kupayuka kwenye simu, haya, sikilizeni. Mimi ni mtoto wa Bukavu niliyepata uraia wa Ufaransa, nikahamia Lewisham, hapa London. Wafaransa wa London wana washauri wao wa kuchaguliwa, na chama changu kilikuwa cha katikati.

Mwenyekiti wa kituo cha kura, Mfaransa mzee wa chama chetu, mla peremende za mnanaa kutwa kucha, ndiye aliyenifundisha. Mpiga kura anaweka bahasha kwenye mwanya wa sanduku, mwenyekiti anavuta mkono wa chuma, bahasha inaanguka, kengele inalia ting! Hapo unatangaza, "A voté!", yaani amekwisha kupiga kura, naye mpiga kura anatia saini daftarini.

"Wa kulia wakikununia na wa kushoto wakikununia," aliniambia, "ujue umekaa vizuri."

Alinisimamisha nikagombea, nikawa mshauri, muhula baada ya muhula. Alipougua nikarithi kituo chake. Nilipomtembelea hospitali alicheka. "Nitakupigia kura hata nikishakufa."

"Eh, Mzee, acha maneno hayo!"

Alikufa kabla ya uchaguzi.

Siku ya kura, karibu na kufunga, wenzangu walikuwa mlangoni, nami peke yangu mezani. Mkono wa chuma ukashuka wenyewe. Bahasha ikaanguka. Ting! Haki ya Mungu, pale mezani pakanuka mnanaa. Mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukasema, "A voté."

Tulipohesabu, bahasha moja ilizidi saini. Nami nilikuwa nimemshinda mama wa chama cha kulia kwa kura moja. Sheria yetu ni hii: bahasha iliyozidi hukatwa kwenye kura za aliyeongoza, na kura zikilingana, mwenye umri mkubwa huchukua kiti. Yule mama alinizidi umri.

"Labda mtu alisahau kutia saini," alisema msimamizi wa chama cha kushoto, mtu mwema. "Tukiandika hivyo, umeshinda."

Jamani, nilikitaka kile kiti! Kilikuwa ndio maisha yangu.

"Hakuna aliyesahau," nikasema. "Niliiona ikiingia peke yake. Ikateni."

Walinitazama kama mwehu. Wakaikata.

Mnaniuliza kama ninajuta. Kiti ninakikumbuka sana, siwafichi, hasa asubuhi simu isipolia. Lakini usingizi ninaupata.

Jioni ile mke wangu alinipokea mlangoni, uso wangu ukamwambia yote.

"Wamekuangusha? Nani?"

"Aliyenipigia kura."

Alitaka kunigombeza kwa jibu hilo la ovyo. Kisha akachukua koti langu, akalisogeza puani.

"Baba Furaha," akasema polepole, "tangu lini unakula peremende?"