Matundu Matatu ya Moshono

Mwalimu aliyenifundisha kompyuta chuoni hakunipenda, nami sikumpenda. Miaka mingi baadaye nilitumwa kufunga mashine ya kulinda mtandao katika sekondari moja ya Moshono. Nikamkuta yeye ndiye msimamizi wa kompyuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wamekosa fundi wa kiume?"

Nikaweka begi langu la vifaa chini. Nyuma ya mashine kulikuwa na matundu matatu: la intaneti inayotoka nje, la ofisi na la wanafunzi. Alikuwa ameshayabandika stika, sifuri, moja, mbili, kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini mfumo wa kompyuta una hesabu yake, haujali kushoto wala kulia. Lazima kwanza ujue namba ipi ni tundu lipi, ndipo uipe kila namba kazi yake.

Nikachomoa nyaya zote.

"Unafanya nini? Si nimeshaandika!"

"Nahakikisha, mwalimu."

"Unanihakiki mimi?"

Nikachomeka waya mmoja kwenye tundu la kushoto, nikatazama skrini. Iliyoamka ni namba mbili. Nikauhamishia kulia kabisa, ikaamka sifuri. Kwa stika zake, mfumo ungewachukulia watu wa nje kuwa wanafunzi, na wanafunzi kuwa watu wa nje.

Nilipomwonyesha, aliung'oa ule waya kwa nguvu mpaka kishikizo cha plastiki kikakatika. Mkuu wa shule, mama mmoja mtulivu, akasikia kelele akaingia.

"Huyu binti hajui kazi," mwalimu akamwambia.

Nikatoa waya mwingine, nikampa yule mama. "Chomeka mwenyewe hapa kushoto, mama, usome namba."

Akainama, akachomeka. "Mbili," akasema. Kisha akaisoma stika. "Mwalimu, mbona wewe umeandika sifuri?"

Nikazibandua stika zake moja moja, nikazitupa kwenye ndoo ya takataka huku mwalimu ananiangalia. Sikuwa na haja ya kufanya hivyo mbele yake. Nilitaka tu.

Siku mbili baadaye mwalimu alimpigia bosi wangu simu, akadai kwamba nimemkosea adabu. Bosi akaniamuru niandike barua ya kuomba radhi. Nikaiandika, nikaipeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Aliisoma taratibu, akaniambia nimekosea tahajia ya neno moja, nirudie. Nikarudia palepale, nimesimama, kwenye kona ya meza yake.

Mtandao wa shule ile haujasumbua tangu siku hiyo. Ile barua, mpaka leo nikiikumbuka nasaga meno mpaka yanauma.