Kompyuta Iliyosafiri Ndani ya Mpunga

Sisi watu wa Kasongo hatubebi mayai mikononi. Mtu akitaka kupeleka mayai Kabambare, anachukua ndoo, anamwaga mpunga chini, anapanga mayai, anamwaga mpunga tena juu yake, na pikipiki hata iruke mashimo mangapi, mayai yanafika. Mama yetu alifanya hivyo, na bibi kabla yake, enzi za baiskeli. Kwa hiyo siku niliyotakiwa kupeleka kompyuta Kabambare, sikumwomba mtu ushauri. Nilikuwa na gunia la mpunga na kichwa kigumu, na vyote viwili nilivitumia.

Kompyuta ilikuwa ya shule anayoiongoza yaya yangu, dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kabambare na kubaki huko hata baada ya kufiwa na mume. Mashine yao ya zamani ilikufa ghafla wakati mitihani ya mwisho imekaribia. Ndani ya diski yake mlikuwa na orodha ya watahiniwa: watoto arobaini na mmoja, majina yao na ya wazazi wao, mahali walipozaliwa, alama zao za miaka miwili. Orodha hiyo ilitakiwa iwekwe kwenye flashi na kukabidhiwa mkaguzi wa elimu siku atakayopita. Mtoto ambaye jina lake halimo hafanyi mtihani. Anarudia mwaka, na yaya aliwajua kwa majina wasichana ambao wakirudia mwaka wataozwa.

Mimi natengeneza simu sokoni. Nikamwambia yaya asinunue kompyuta iliyokwisha kuunganishwa, maana wauzaji ni wezi. Nitaagiza vipande Bukavu, nitaiunda mwenyewe, nitatia diski yao ya zamani humo humo, na orodha itakuwa salama. Alikuja nayo Kasongo, akanipa kwa mikono miwili, imefungwa kwenye kitambaa. Aliniomba jambo moja tu: kabla ya kuigusa kwa lolote, niinakili ile orodha kwenye flashi.

Vipande vilifika, na shida zikaanza siku hiyo hiyo. Nilifunga kartimeri, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, moja kwa moja kwenye bati la kasha. Nikabonyeza kitufe. Feni ikajitikisa mara moja, ikafa. Nikabonyeza tena, ikafanya vilevile. Nilimpigia simu muuzaji wa Bukavu na kumwambia maneno ambayo mtu wa dini hatakiwi kuyasema. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kama niliweka vile vinguzo vidogo vya shaba vinavyouinua ubao usiguse bati. Nilikata simu. Nilivitafuta kwenye takataka, nilikovitupa nikidhani ni skrubu za ziada.

Kesho yake feni ilizunguka vizuri, lakini skrini ikabaki nyeusi. Nikampigia tena, nikamwambia prosesa yake ni maiti. Akauliza kwa upole ule wake unaochefua kama niliuchomeka waya wa pili wa umeme, ule wa pembeni juu, unaolisha prosesa peke yake. Sikuwa nimeuchomeka. Nilikuwa nimeufunga kwa kamba usinisumbue. Kuhusu jambo moja nilikubali kwamba hakunidanganya: alinieleza mapema kuwa ubao umetumika, na kwamba kati ya matundu mawili ya kuchomekea bareti ya ramu, kile kipande chembamba cha kumbukumbu, tundu moja limekufa. Hilo lililobaki, alisema, nilitunze.

Siku ya tatu ikawaka. Nilitia diski ya shule, nikaifungua, nikaiona orodha kwa macho yangu. Ndipo nilipotakiwa kuinakili. Flashi yangu ilikuwa imejaa nyimbo za harusi, na nilikuwa nikikusanya nyimbo hizo mwaka mzima. Nikasema nitatafuta flashi nyingine kesho. Kesho yake jirani mwenye gurupu, jenereta niliyokuwa nikiwashia mashine, akaishiwa petroli. Jioni yaya akapiga simu, akauliza kama nimenakili.

Nikamjibu, “Ndiyo yaya, nimesha.”

Maneno matatu tu. Nilijiambia si uongo, ni ukweli ambao umechelewa kidogo. Siku zikapita nikisema kesho, kisha habari ikaja kwamba mkaguzi ameshafika upande wa Kabambare na anapita shuleni keshokutwa. Hapakuwa tena na muda wa kutafuta petroli wala flashi. Ilibaki kufunga mzigo.

Nilifunga kwa akili yote niliyorithi. Niliichomoa bareti ya ramu nikaitia kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, isivunjike. Nikajaza mpunga kwenye mifuko ya nailoni, nikaisokomeza ndani ya kasha pande zote, karibu na feni, karibu na diski, mpaka ukilitikisa kasha hakisikiki kitu. Nililifurahia sana kasha lile. Dereva wa pikipiki, mzaliwa wa Wamaza, aliliinua akauliza kama ndani mna kompyuta au chakula cha msiba. Nilimwambia aangalie barabara, kompyuta aniachie mimi.

Tulilala njiani, tukafika Kabambare asubuhi, mimi nikiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope. Mkaguzi alikuwa ameshakaa barazani kwenye ofisi ya yaya, buti miguuni, koti la mvua mapajani. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba mawingu yanajikusanya, kwamba daraja la magogo lililo mbele likilowa pikipiki haivuki, na kwamba atasubiri mpaka adhuhuri na si zaidi. Yaya alinipokea mzigo, akaniletea maji ya kunawa, hakuniuliza lolote.

Nilifungua kasha. Mfuko mmoja wa nailoni ulikuwa umepasuka, na mpunga umetapakaa kila mahali, kwenye mapezi ya feni, chini ya ubao, ndani ya boksi la umeme. Kuku wa shule waliusikia kabla yangu. Nililibeba kasha uani, nikaliinamisha, nikalitikisa, nikapuliza mpaka kichwa kikazunguka, huku nikiwafukuza kuku kwa mguu. Mkaguzi alitazama, akakohoa, akatazama mbingu.

Nililirudisha mezani. Nikaichomeka bareti kwenye tundu lake, nikaunga nyaya kwenye betri za sola, nikabonyeza. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi, na kutoka ndani ikatoka sauti, mlio mrefu mara tatu, kimya, mlio mrefu mara tatu. Ni lugha ya mashine. Inasema haioni kumbukumbu. Nikaitoa bareti, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Milio mitatu. Nikaikandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka ubao ukapinda na kulia kama mbao ya kitanda. Milio mitatu. Jasho lilikuwa likinidondoka juu ya ubao wenyewe, nikawa nalifuta kwa mkono ule ule uliojaa vumbi. Nilimtukana muuzaji wa Bukavu kwa sauti. Nilimtukana dereva, nikaitukana barabara na walioiacha iwe hivyo. Yaya alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kifuani.

Barazani mkaguzi aliinuka, akaanza kuvaa koti. Saa sita ilikuwa imekaribia na ngurumo ya kwanza ilisikika kwa mbali.

Ndipo yaya akasema, taratibu, “Wacha mashini, mudogo wangu. Mupe mukaguzi ile flashi aende. Si ulisha kuikopia?”

Njia ya mwongo ni fupi, nilikuwa nikiisikia tangu utotoni, na siku ile niliuona mwisho wake: ulikuwa mlangoni, umevaa koti la mvua. Nilifikiria kusema flashi imepotea njiani. Nilifikiria kusema dereva ameiiba, na aibu ya fikra hiyo bado ninayo, maana dereva alikuwa amelala usingizi wa haki chini ya dirisha. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo mbele ya mtu anayenipenda.

“Sikuikopia, yaya,” nikasema. “Nilikudanganya. Orodha iko humu tu.”

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba leo ni Alhamisi. Alikwenda kwenye kabati, akalifungua kwa ufunguo, akatoa karatasi kubwa za mistari, rundo zima, akaziweka mezani karibu na mkono wangu. Ulikuwa mwandiko wake. Watoto arobaini na mmoja, kila mmoja na mstari wake, baba, mama, mahali pa kuzaliwa, alama. Alikuwa ameanza upya kutoka kwenye madaftari ya walimu, na kwa wale ambao madaftari yao yaliliwa na mchwa alikuwa amekwenda kwao kwa miguu kuuliza.

Mkaguzi alizipokea, akazipitia. Alisema atazichukua, lakini hakutaka kutudanganya: karatasi za mkono huko ziendako huandikwa upya na watu waliochoka, jina linaweza kubadilika njiani, na mtoto mwenye jina lililobadilika hukutana na tatizo lake mlangoni siku ya mtihani. Flashi ingekuwa bora. Akaangalia saa yake, akasema anaweza kunipa muda wa kikombe kimoja cha chai. Yaya akaenda kuichemsha, na sidhani kama aliwahi kuchemsha chai polepole namna ile.

Nikabaki na mashine. Hapakuwa tena na mtu wa kulaumu. Nilikuwa nimewamaliza wote. Pengine ndiyo sababu nilifanya nisichokifanya tangu asubuhi. Nilizima, nikainamisha kichwa mpaka pua ikagusa ubao, nikawasha tochi ya simu, nikatazama ndani ya lile tundu moja lililobaki zima, nililoambiwa nilitunze. Nilikuwa nimeliacha wazi safari nzima chini ya mfuko wa mpunga, huku bareti yake ikipumzika mfukoni mwangu kama mgonjwa mahututi. Chini kabisa, katikati ya meno ya dhahabu, palikuwa na kapi la mpunga. Kapi tu, ganda tupu, jembamba kuliko ukucha. Na kila nilipokandamiza bareti, nilikuwa nalishindilia zaidi.

Bisibisi haikuingia. Kijiti cha kibiriti kilivunjika, nikapata kazi ya kutoa vitu viwili. Yaya alirudi na chai, akaona ninavyohangaika na vipande vya kijiti, akachomoa pini kwenye mtandio wake bila kuulizwa, akanipa. Nilizuia pumzi. Kapi lilikwama, likapinda, likatoka nusu, kisha nusu ya pili. Nikaichomeka bareti, nayo ikaingia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nzima, tak, kila upande.

Mkaguzi alikuwa amefika nusu ya kikombe. Nikabonyeza. Mlio mmoja mfupi, na skrini ikawaka.

Flashi ilitoka shingoni mwa yaya, alikokuwa akiivaa pamoja na funguo za shule. Nilinakili orodha, nikaifungua kutoka kwenye flashi yenyewe kuhakikisha, nikahesabu mpaka arobaini na moja kwa kidole. Mkaguzi akaitia mfuko wa ndani, akachukua na karatasi pia, akaondoka. Pikipiki yake ilikuwa haijapotea mwisho wa kijia pale matone ya kwanza yalipoanza kugonga mabati. Baadaye alituma ujumbe kwamba amevuka.

Tulibaki wawili, na mpunga sakafuni. Yaya alichukua ufagio mfupi akaanza kuukusanya, nami nikapiga magoti kumsaidia kwa viganja. Nilikuwa nangoja anigombeze. Ningegombezwa ningejisikia vizuri, ningepata hata la kujitetea. Mwishowe nikauliza mwenyewe alijua lini kwamba nimemdanganya, maana kuandika karatasi zile si kazi ya siku moja.

“Siku ile ile,” alisema. “Ulijibu ndiyo yaya, basi. Wewe kama unafanya kitu kweli, unaanza kulalamika kwanza. Ungeniambia flashi iko mbaya, gurupu iko na makelele, joto iko mingi. Siku ile haukulalamika hata kidogo. Nikakata simu, nikatafuta kalamu.”

Aliendelea kufagia. Nilimfikiria akitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, juani, akiuliza mahali pa kuzaliwa watoto wa watu, siku zile zile nilizokuwa nikikaa sokoni nikilinda nyimbo zangu za harusi. Mpunga ulipokwisha kukusanywa, aliupepeta, akaupima kwa macho, akasema unatosha kuliwa kesho ukitwangwa. Kisha akanikabidhi mchi.