Jina Nililoliruka Makaburini

Jirani yangu hapa Mbeya huanika pareto kwenye turubai mbele ya nyumba yake, na jua likikolea harufu huingia mpaka jikoni kwangu. Ni harufu kali ya maua makavu, inayowasha pua. Wengine huwaletea mafua. Mimi hunirudisha Mufindi, kwa bibi mzaa mama, aliyelima pareto maisha yake yote. Kwake ndiko nilikojifunza kusema.

Nilifika huko nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa amefariki Chunya, alikokuwa akichimba dhahabu, na mama akapata kazi Mgololo ya kuwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Alinifikisha kwa bibi asubuhi, akanywa chai, akaondoka na gari la saa nne. Tangu siku hiyo sauti yangu ilijificha kifuani. Mwalimu akiniuliza swali nilijibu nimeinama, naye akazoea kuwaambia wenzangu, "Subirini, bado anaongea na kola yake." Walicheka. Ningekuwa wao ningecheka pia.

Bibi hakunilazimisha kuongea. Ila alikuwa na desturi yake. Jioni tukishanawa mikono, kabla hajamega ugali, aliuliza, "Haya, leo nani kakubeba?" Ilibidi umtaje mtu kwa jina, na jambo alilokufanyia.

"Hakuna, bibi," nilimjibu siku ya kwanza.

"Hakuna? Basi ulipaa. Hebu nione hiyo miguu."

Miguu ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Mungu," nikajaribu.

"Mungu tutamshukuru kanisani. Mimi nataka mtu, mwenye miguu michafu kama wewe."

Mvuke wa ugali ulikuwa umeshaisha niliposema kwamba Zawadi, mtoto wa jirani, aliniazima wembe nikachonga penseli. Bibi akamega. Nilidhani yamekwisha. "Kesho umwambie mwenyewe," akasema huku anatafuna. "Asante ukikaa nayo inachacha kama ulanzi." Ulanzi ni pombe yetu ya mianzi, asubuhi ni tamu, jioni inakuangusha.

Usiku ule nililirudia neno hilo chini ya blanketi. Asubuhi nilimfuata Zawadi hadi bombani, nikamwambia kwa haraka, nikageuka nikimbie. Akanishika mkono. "Hata kesho njoo uazime," akasema. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea: ukimshukuru mtu kwa kitu alichokifanya kweli, hakucheki. Anakuwa upande wako. Basi kila siku nikawa na mtu mmoja zaidi upande wangu. Kufika darasa la sita nilikuwa nasoma somo kanisani, na mwalimu hakuitaja kola tena.

Mwaka huohuo bibi akaugua. Mama alirudi kutoka Mgololo, akakaa naye wiki tatu. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani asipate vidonda. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni nikiwatazama. Mama alikuwa akinisalimia na mimi nilikuwa nikiitikia, basi. Bibi alifariki alfajiri, mama akiwa amemshika mkono.

Kwetu waombolezaji hawaachwi waondoke makaburini bila neno la shukrani kutoka kwa wafiwa. Familia isiyoshukuru hukumbukwa kwa hilo kuliko kwa msiba wenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya mjomba Festo, mtoto pekee wa kiume wa bibi. Alisimama kando ya udongo mbichi, akafungua kinywa, akashindwa. Akajaribu tena. Mwishowe aliketi chini akajifunika uso kwa kofia. Mzee wa kanisa aliangalia huku na huku. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Sasa sisi tuondoke hivihivi?"

Nikasimama. Sauti ilikuwepo. Niliwashukuru vijana waliochimba kaburi kwenye mvua, na yule aliyevunja jembe lake kwenye jiwe. Nilimshukuru mama yake Zawadi kwa kuni na maharage, na mwalimu kwa kuja na darasa zima. Niliwataja mmoja mmoja, na kila niliyemtaja aliinua kichwa. Nilipowatazama niliona kwamba siogopi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu, kanga kichwani. Nikisema nilimsahau nitakuwa naongopa. Nilimwona. Zamu yake ilipofika nilimruka, nikamshukuru mchungaji, nikaketi.

Watu walinishika bega wakisema mtoto huyu ana ujasiri. Jioni mama alinikuta nikiosha vyombo. Akachukua kitambaa akaanza kuvikausha. "Asante kwa kutusemea, mwanangu," akasema. "Mimi nisingeweza." Nikaendelea kusugua sufuria. Siku ya nne alirudi Mgololo, kwa sababu ada yangu na sare zangu zilitoka huko. Nilikuwa nikijua hivyo wakati ule pia.

Mama tulimzika hapa Mbeya miezi miwili iliyopita. Nilipewa kipaza sauti, nikawashukuru watu vizuri, wala sikutetemeka. Baadaye wakaniambia tena kwamba nina ujasiri. Nimelifikiria neno hilo sana. Bibi alinipa uwezo wa kusimama mbele ya mtu yeyote niliyemshukuru. Sikujua kwamba ambaye sijamshukuru ningeendelea kumwogopa. Mama alikaa kwangu miaka saba ya mwisho, na kwa miaka yote hiyo niliweza kuhutubia kikundi cha akina mama, mkutano wa mtaa, hata ofisini kwa mtendaji. Yeye sikuweza kumtazama machoni kwa muda mrefu.

Nilimshukuru kwa mambo madogo. Kwa kunishikia mtoto. Kwa kuchambua mchele. Kwa ada na sare, kamwe. Alikuwa akijibu, "Haya, mwanangu," kisha mikono yake inatulia juu ya ungo, kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Nami nilikuwa nikiinuka kwenda kutazama chungu.