Nilivyovuruga lampe za manyetofoni ya nkambo ili ukoo usisikie ujinga wangu

Wakuu, salaam kwenu mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Story hii sijaitia chumvi. Kama nimeongeza kitu, labda koma.

Ilikuwa Kolwezi, miaka ya Zaïre, wakati kila mtu ni citoyen na sisi wanafunzi tunaimba na kucheza uwanjani kabla hata ya kufungua daftari. Nilikuwa shule ya ufundi, section ya umeme, sisi tukiuita kuran.

Shuleni nilijulikana kwa kitu kimoja: kuiga sauti za watu. Préfet wa shule, padri, mama wa mikate, wote nilikuwa nao mdomoni. Niliyemweza kuliko wote ni nkambo Kabongo, babu yangu, mzaa baba.

Nkambo aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kuja kufanya kazi ya mgodi. Akazeekea hapo hapo. Bosi wake Mzungu, siku ya kurudi kwao, alimwachia manyetofoni.

Kwa wadogo zetu: hiyo ni mashine ya kurekodi, nzito kama jiwe la kusagia. Juu ina magurudumu mawili ya bande, yaani utepe. Ndani hakuna transistor, kuna lampe za kioo zinazowaka nyekundu kama makaa. Mbele kuna jicho la kijani. Ukisema kwa nguvu linafumba, ukinyamaza linafumbuka.

Kifua kilipoanza kumsumbua, nkambo alikuwa anafunga mlango na kuongea na ile mashine. Akatuambia:

"Maneno yangu yote iko mu bande. Siku ya kumaliza kilio yangu, njo mutasikia. Mbele ya ile siku, mutu asiifungue."

Sasa mtu kama mimi unamwambia asifungue.

Kwetu babu na mjukuu ni watani. Aliniita rivale, yaani mshindani wake, kwa sababu mke wake ni mke wangu pia, na nilimdai mke wangu kila siku wakati wa chakula. Kwa hiyo siku alipopelekwa dispensari, nikabaki peke yangu na mashine, nilijiambia utani una ruhusa.

Nikasikiliza mwisho mwisho wa bande. Alikuwa anataja majina: baba yake, babu yake, na waliowatangulia. Pole pole, kama mtu anayehesabu mbegu. Nikachoka.

Nikabonyeza kitufe chekundu, nikakohoa kama yeye, nikasema:

"Ile kinga yangu, mutu asiiguse. Mi naiachia rivale yangu. Na mutoto ya Mukendi asipande hata nyuma."

Kinga ni baiskeli. Mukendi ni baba mkubwa wangu, na mwanawe alikuwa ameshaahidiwa baiskeli hiyo.

Nilicheka mpaka nikasahau kusimamisha mashine. Ikaendelea kurekodi kicheko changu, kuku wa jirani, na mimi nikienda kunywa maji. Niliporudi, majina yote yaliyokuwa pale yalikuwa yamefutika.

Nilipanga kumwambia nkambo. Angenitupia fimbo, tungecheka, angeyasema upya. Lakini alirudi hoi. Kila siku nikasema kesho. Aliendelea kujifungia mlango wiki chache, halafu akafariki.

Siku ya tatu ya kilio, yaani matanga, baba mkubwa Mukendi akaijaribu mashine, kuona tu kama inawaka. Kimya. Jicho la kijani halikufumbuka.

Watu walisikitika. Mimi ndio usiku niliolala vizuri.

Raha ile haikudumu. Juma moja kabla ya kumaliza kilio, baba mkubwa akaniita.

"Weye si njo unasoma kuran? Funga mashine ku kinga, peleka kwa Tata Ilunga kule Musonoi. Maneno ya baba lazima isikike."

Fikirieni njia ile. Nasukuma baiskeli niliyojirithisha mwenyewe, nyuma kuna mashine yenye ushahidi. Kila shimo barabarani nililiombea liwe kubwa zaidi. Mashine haikuanguka.

Tata Ilunga alikuwa fundi mzee wa redio, miwani yake imefungwa kwa kamba. Hapo kwenye atelier, yaani karakana yake, akafungua mgongo wa mashine, akanionyesha sheria yake ya kwanza.

"Mukono moja mu mashine, mukono moja mu mufuko. Hata ukichomoa kuran, hii bitu inachunga moto ndani. Itakurusha mupaka ku Mutoshi."

Akachomoa lampe moja moja, akazisugua miguu, akazipima. Lampe ndogo inayokuza sauti ilikuwa imekufa. Ile kubwa inayosukuma sauti kwenye spika ilikuwa imechoka. Akatoa mbili kwenye kopo lake, zimefungwa kwa gazeti kama mayai. Akazichomeka, akatoka kumsikiliza mteja nje.

Wakuu, lampe zile mbili zina miguu tisa kila moja. Ya hii inaingia kwenye tundu la ile bila kulalamika.

Sikufikiri hata kidogo. Mkono mmoja mfukoni, kama nilivyofundishwa, na mwingine ukabadilisha. Nilidhani mashine itanyamaza tu, tutasema basi, Mungu hakutaka.

Tata Ilunga akarudi, akaweka kuran. Lampe moja ikabaki baridi. Nyingine ikatoa mwanga wa bluu, cheche, halafu moshi wenye harufu kali. Akachomoa waya.

Akaziangalia lampe kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Macho yangu inakufa, mwana. Toka nianze hii kazi, sijachanganya lampe. Na leo nachanganya ya Kabongo. Mi na nkambo yako tulifika huku na treni moja."

Akakaa kwenye kigoda chake. "Nikimaliza hii, nafunga atelier."

Nilitamani aniache nikimbie. Ningemwacha aamini hivyo, hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa anafuta miwani, anafuta, kana kwamba kosa liko kwenye kioo.

"Tata," nikasema, "macho yako iko muzuri. Ni mi."

"Juu ya nini umefanya vile?"

Nikamweleza yote, mpaka kuku wa jirani.

Akavaa miwani. "Kohoa nisikie."

Nikakohoa kama nkambo. Mzee akageuza uso ukutani.

"Ni yeye kabisa," akasema. "Usirudilie tena hapa kwangu."

Ile lampe ndogo ilikuwa imeungua na hakuwa na nyingine. Akachomoa moja kwenye amplifier ya gitaa iliyoletwa na orkestra moja kutengenezwa.

"Benye gitaa bataikamata siku ya tatu kisha kumaliza kilio. Utairudisha weye. Na miguu, hapana na kinga."

Akabadilisha pia résistance iliyoungua, kile kipande kidogo kinachopunguza umeme. Jicho la kijani likafumbuka. Nikamwomba jambo la mwisho: anisaidie kufuta kipande changu tu kabla ya Jumapili, siku ya kumaliza kilio.

"Uliisha kufuta mara moja. Unataka kufuta tena juu yake? Kabongo alisema mutu asiifungue. Mi sifungui."

Jumapili ua ulijaa. Mashine iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kama mgeni. Mimi nilikaa karibu na uzio, nikipima kama naweza kuuruka.

Sauti ya nkambo ikatoka. Wanawake wakaanza kulia. Akashukuru, akaonya, akagawa vitu vyake, na kinga akampa mtoto wa Mukendi. Halafu majina. "Mi ni Kabongo, mwana ya Kalala..."

Tak.

Kikohozi. Changu. "Ile kinga yangu, mutu asiiguse..."

Watu wakatazamana. Shangazi akanong'ona, "Anabadilisha tena?" Halafu kikafuata kicheko, na hicho hakuna asiyekijua. Kuku wakalia. Jicho la kijani likawa linafumba na kufumbuka, na macho yote ya ua yakanigeukia.

Baba mkubwa akasimama. Mimi nikasimama. Nilifungua mdomo, mara ya kwanza maishani sikuwa na sauti ya mtu yeyote ndani yake, hata yangu.

Ndipo mashine ikakohoa tena. Kikohozi kirefu, kizito, cha kweli.

"Rivale, nilikusikia. Unakohoa sawa mbuzi. Mukendi, usimupige. Kinga ni ya mutoto yako. Huyu mumuachie kikohozi, njo alitaka."

Ua mzima ukaangua kicheko, katikati ya kilio. Shangazi alicheka huku akipangusa machozi. Baba mkubwa akakaa, akaficha uso. Na mimi nilicheka.

"Sasa," nkambo akasema, "majina alifuta, nasema tena. Muandike. Mi ni Kabongo, mwana ya Kalala. Kalala, mwana ya Tshimanga. Tshimanga, mwana ya..."

Bande ikaisha.

Gurudumu likaendelea kuzunguka, mkia wa bande ukipiga mashine, pa, pa, pa. Jicho la kijani likabaki wazi, linasubiri. Baba mkubwa alikuwa ameinua kalamu.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga.

Baadaye iliandikwa barua Kasai. Yakarudi majina mawili tofauti, kutoka kwa wazee wawili wasiopatana. Mpaka leo hatujui lipi ni la kweli.

Lampe niliirudisha kwa miguu. Tata Ilunga hakufunga atelier.

Nilichojifunza: kitu kikikuchosha kusikia, uliza kwanza kama kuna mwingine anayekijua, ndipo ubonyeze kitufe chekundu.

Basi, wewe uliyefika hapa, usiniachie pole. Taja hapo chini baba yako, babu yako, na waliowatangulia, mpaka utakapokwama.

Mimi naanza kwa nkambo: Kabongo, Kalala, Tshimanga.

Nimekwama.